Kiti cha Hewa

4 Februari

Kwa Mtaalamu wa Viungo, Chumba Namba 6,

Salaam. Mimi ni yule mzee wa magoti mabovu aliyeondoka katikati ya matibabu Jumanne iliyopita, viatu mkononi. Karani wa mapokezi amenieleza kwamba uliniita mara mbili kwenye korido. Nilikusikia. Naomba radhi kwa kutogeuka.

Sababu ya kuondoka ni kwamba nilikumbuka nimeacha birika jikoni likichemka.

Nakuandikia barua kwa kuwa simu hatuelewani. Sikio la kushoto limekufa na la kulia linachagua la kusikia. Nimefundisha miaka thelathini na minane na sijawahi kuisikia barua vibaya. Isitoshe, kutoka kwangu hadi kliniki yenu ni saa nne kwa basi, na basi halina huruma na goti.

Hali yangu unayo kwenye faili, lakini nairudia kwa utaratibu. Magoti yote mawili yanauma, la kulia zaidi. Asubuhi yamekakamaa kama bawaba za mlango uliofungwa muda mrefu. Kushuka ngazi ni kubaya kuliko kupanda. Kuinuka kitini ndilo balaa lenyewe: najivuta, narudi, najivuta, narudi, na nikija kusimama nimelowa jasho. Azma yangu ni moja na wala si ya kucheza mpira. Nataka kuinuka kwenye kiti changu mwenyewe, bila mkono wa mtu.

Naomba uniandikie mazoezi, nitayafanya nyumbani. Ila lile la ukutani usiliandike. Halinifai.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu

12 Februari

Mzee wangu,

Shikamoo. Barua yako imesomwa na chumba kizima, yaani mimi na mwenzangu wa kitanda cha pili, na wote tumeliombea hilo birika. Saa nne kuja, saa moja ya foleni, na lilikuwa bado linachemka? Hilo si birika, ni tangi.

Sijakasirika. Watu hutukimbia sana. Wengine wanadhani tutawavunja, wengine wanaona haya kupandisha suruali mbele ya mwanamke anayeweza kuwa binti yao. Kama ni hilo, sema tu, yupo mwenzangu mwanamume na mikono yake ni laini kuliko yangu.

Sasa tuje kwenye magoti. Gegedu limelika, ni kweli, na halitarudi. Lakini maumivu yako mengi hayatoki huko. Goti likiuma, mtu analipumzisha. Ukilipumzisha, misuli ya paja inasinyaa. Ikisinyaa, mzigo wote unaliangukia goti, nalo linauma zaidi, nawe unalipumzisha zaidi. Umezunguka hapo miaka. Dawa yake ni kuirudisha misuli kazini polepole, bila kuitisha.

Asubuhi, kabla hujatoka kitandani, vuta kisigino taratibu kuelekea makalio, kisha nyoosha. Mara kumi kila mguu, hapo ndipo kukakamaa kunapoondoka. Halafu kunja taulo, liweke chini ya goti, ulibonyeze chini ukihesabu mpaka tano. Mchana, weka mito miwili kwenye kiti kiwe kirefu, sogea mpaka ukingoni, rudisha miguu nyuma kidogo, inama mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo uinuke. Wiki ya tatu utatoa mto mmoja.

Na la ukutani naliandika, utanisamehe. Mgongo ukutani, miguu mbele kidogo, unateleza chini kiasi cha kiganja kimoja tu, unahesabu tano, unarudi juu. Wengine hukiita kiti cha hewa. Ndilo zoezi linalofanana zaidi na hicho unachokitaka. Maumivu yakizidi nne kati ya kumi, unaacha. Andika kila siku kwenye daftari.

Swali moja: kwa sasa anakuinua nani?

Mtaalamu wa Viungo

26 Februari

Kwa Mtaalamu,

Marahaba. Taarifa ya wiki mbili ni hii. Kuvuta kisigino: mara kumi kila mguu, siku kumi na nne, bila kukosa. Taulo: vilevile. Mito: vilevile. Ukuta: vilevile. Maumivu: mbili kati ya kumi, kila siku.

Kuhusu pua kupita vidole vya miguu, nakujulisha kwamba pua yangu haikuzoea safari za mbali, lakini inajitahidi.

Kuhusu swali lako, hakuna anayeniinua. Mke wangu ana shughuli zake.

Niliona kibandiko chako kifuani kina majina matatu. Je, baba yako bado yu hai? Nauliza kwa adabu tu.

Wako mtiifu,
Mwalimu Mstaafu

2 Machi

Mwanangu,

Mimi ndiye mke wa huyo Mwalimu. Naandika nimekalia ndoo bafuni, maana humu ndimo pekee asimonifuata kuniuliza naandika nini.

Barua yake niliisoma kabla haijatiwa gundi, Mungu anisamehe. Yale ni maajabu matupu. Daftari analijaza Jumamosi, wiki nzima kwa mpigo, na anabadilisha kalamu ili wino usifanane. Mtu aliyewachapa watoto wa watu kwa kuibia kwenye mtihani.

Simsingizii, mito anaifanya. Nikiwa jikoni namsikia akihesabu, na nikitokea anajidai anatafuta miwani. Taulo pia. Lakini ukuta hapana. Anausogelea, anaugusa na mgongo, halafu uso unamparama na anatoka nje. Juzi nilimkuta uani anafuta macho, akasema ni moshi. Siku hiyo hatukuwa tumewasha moto.

Na anayemwinua ni mimi. Mwaka wa tatu huu, kila asubuhi namshika mikono miwili, nahesabu tatu, namng'oa. Kifundo changu cha mkono kimevimba. Majirani nawaambia nilijigonga kwenye bomba, maana nikisema ni mume wangu watafikiria mengine. Yeye anaona aibu kunizidi, ndiyo maana hilo hatulizungumzi. Tunahesabu tatu tu, halafu kila mmoja anaangalia kwake.

Nikuulize kwa heshima, mlimfanya nini huko? Alikuja kwenu na maneno mengi, amerudi bubu. Chakula anakichokonoa. Usimwambie nimekuandikia. Ni mtu wa kufa na tai shingoni.

Mke wa Mwalimu

9 Machi

Mzee wangu,

Shikamoo tena. Daftari lako ni safi mno. Goti la kweli lina siku mbaya, na ningependa kusoma habari za goti la kweli.

Nakisia tu, sijasikia lolote kutoka kwa mtu yeyote: kama yupo anayekuvuta mikono asubuhi, mwambie aache. Akivuta yeye, mapaja yako yanalala. Tafuta vipande vinne vya mbao, uviweke chini ya miguu ya kiti chako kiwe kirefu, uwe unaanzia hapo kila asubuhi. Na huyo mtu, kama ana kifundo cha mkono kilichovimba, akiloweke kwenye maji ya uvuguvugu asubuhi na kukikunjua taratibu.

Sasa ukuta. Nimekaa nikafikiri, nadhani nimekuelewa. Kwa watu wa rika lako na langu kiti cha hewa hakikuwa tiba. Kilikuwa adhabu ya shule. Nami nilikikalia, kwa hiyo tusione haya, tuko wengi.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa hesabu tulimwita Rula kwa jinsi alivyonyooka, jina lake halisi nadhani hakuna aliyelijua. Siku hiyo bikari yake ilipotea, ile kubwa ya mbao ya kuchorea duara ubaoni. Mimi ndiye niliyefuta ubao mara ya mwisho, kwa hiyo ikawa ni mimi. Alinikalisha ukutani mbele ya darasa mpaka niseme nilipoificha. Sikuwa na cha kusema. Miguu ikaanza kutetemeka, na mwisho nikaanguka.

Baba yangu ni seremala. Alichonga bikari nyingine, akavaa shati lake la sherehe, akaenda shuleni kwa miguu kumwomba mwalimu radhi kwa niaba yangu. Mpaka leo sijui ile ya kwanza ilikwenda wapi. Unajua, kuna siku huwa najiuliza kama kweli sikuichukua.

Nakwambia haya ili ujue kwamba hata aliyewahi kuanguka pale anaweza kurudi ukutani na mguu ukapona. Mapaja yangu leo ni ya chuma.

Umeuliza habari za baba. Yu hai, ana miaka themanini na miwili, anakaa kwangu. Ahsante kwa kumuulizia.

Mtaalamu wa Viungo

17 Machi

Binti,

Rula ni mimi.

Mwanzoni nilidhani umenitambua na unanilipizia, ukinirudisha ukutani kidogo kidogo kwa sauti ya upole. Nilipoingia chumbani mwako hatukutambuana: enzi za shule nilikuwa na masharubu na mwili, na wewe kichwani mwangu ulikuwa na miaka kumi na miwili. Kisha ukainama kuniwekea miguu sawa na nikasoma kibandiko chako. Majina yale matatu niliyaita kila asubuhi kwa miaka miwili. Ukasema, "Egemea ukuta, Mzee, shuka taratibu kama unakaa." Hapo ndipo nilipochukua viatu.

Barua yako ya mwisho imenionyesha kwamba hukuwa unajua lolote. Ulikuwa unanifariji tu. Ningependelea kulipiziwa.

Nitaandika yote kwa mpangilio, maana nikiacha mpangilio nitakimbia tena.

Ulikaa ukutani dakika ishirini na tano. Nilikuwa natazama saa. Umeandika kwamba ulianguka. Hukuandika kwamba kabla ya kuanguka ulijikojolea, na darasa likacheka, na mimi sikuwanyamazisha. Nakushukuru kwa kutoliandika. Naliandika mimi kwa sababu nililiona.

Jioni ile ile bikari ilikuwa nyumbani kwangu, nyuma ya mlango. Niliichukua mwenyewe siku iliyotangulia kwenda kupigilia msumari uliolegea. Nilisahau. Kusahau si dhambi, na kama ningesema kesho yake asubuhi ningekuwa mtu aliyesahau tu. Lakini nilikuwa na umri ulio nao wewe leo, ninaogopwa, na nilifikiria nyuso za wanafunzi na za walimu wenzangu. Niliirudisha shuleni nimeifunga kwa magazeti, nikaifungia kabatini ofisini.

Siku ya tatu baba yako akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Aliishika ile aliyoichonga kwa mikono miwili. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, ilikuwa imepigwa msasa mpaka inateleza. Akasema, "Mwalimu, mtoto wangu amekosa, nisamehe mimi niliyemlea." Kabati lilikuwa nyuma ya kiti changu. Niliinyoosha mikono nikaipokea. Nikamwambia ajitahidi kukukanya.

Nilichora nayo duara miaka kumi na sita. Watoto walikuita mwizi wa bikari mpaka ukahamishwa shule, na nililisikia jina hilo uwanjani zaidi ya mara moja.

Sijawahi kumwambia mtu. Mke wangu nimemwambia leo asubuhi, kwa sababu isingekuwa haki ulijue wewe yeye asilijue. Daftari lile pia nilidanganya. Na ndiyo, mke wangu ndiye anayeniinua.

Sina uso wa kukutazama, na sikuombi lolote.

Mwalimu wako wa hesabu

14 Aprili

Mwanangu,

Mwezi unakwisha hujamjibu, na sikulaumu. Mimi mwenyewe siku tatu sikumjibu, naye tunakula sahani moja.

Ile bikari niliiona. Ndiyo, mimi. Nilikuwa nafagia, nikaikuta nyuma ya mlango, nikamuuliza, "Hii si ya shule?" Akasema atairudisha. Nikaifuta vumbi, nikaendelea na ufagio wangu. Sikujua kwamba mahali fulani kuna mtoto ameanguka kwa ajili yake. Sasa kila nikishika ufagio nakukumbuka.

Sikuandikii ili nimwombee msamaha. Naandika kwa sababu ya goti. Tangu alipoiposti ile barua, anaukalia ukuta. Lakini si kama ulivyomwandikia, kiganja kimoja na hesabu tano. Anashuka mpaka chini kabisa, anaweka saa mezani, na anakaa mpaka miguu inatetemeka. Anataka afike dakika ishirini na tano. Juzi alifika mbili akaporomoka, nikamkuta sakafuni ameegemea ukuta, hataki kuinuliwa. Goti la kulia limevimba kama boga na lina joto. Nimemwambia atalemaa. Ananiambia niondoke, hajamaliza.

Huyu mzee hanisikii. Nadhani duniani amebaki na mtu mmoja atakayemsikia, na mtu huyo ana haki ya kutotaka kusema naye.

Mke wa Mwalimu

20 Aprili

Mwalimu,

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika nilikichana. Leo naandika kwa ajili ya goti.

Acha ukuta. Siku tano usiuguse. Kitambaa chenye barafu juu ya goti, dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku, mguu ukiwa juu ya mto. Uvimbe ukishuka, rudi kwenye taulo, kisha kwenye kisigino. Ukuta utarudi wiki ya tatu, kiganja kimoja, hesabu tano. Nilikupa zoezi lile upone. Ukijitesa nalo hakuna kinachonirudia mimi, na goti lako halikunikosea kitu.

Nitakwambia jambo ambalo sikutaka kulisema. Siku ile niliporudi nyumbani nimelowa, nilificha sketi chini ya kitanda, na mpaka leo nguo yenye rangi ile siivai. Nikiwa na wagonjwa wangu, wazee ambao mkojo umewatoroka kitandani kwangu, nabadilisha shuka haraka na kuongea mengine, na wananisifu kwa roho yangu nzuri. Si roho nzuri. Ni kwamba siwezi kustahimili mtu mwingine akitazamwa.

Barua yako nilimsomea baba. Akaniomba nirudie pale uliposema ilikuwa imepigwa msasa mpaka inateleza. Kisha akasema, "Mwambie aje aniambie mwenyewe. Mimi nilikwenda."

Naishi ghorofa ya tatu. Ngazi ni arobaini na nne na lifti hakuna. Baba hashuki tena. Simwiti mtu wala simzuii mtu, naleta ujumbe tu.

Kama utapanda ngazi yoyote, anza na moja, mlangoni kwako, ukishika ukuta. Kupanda, mguu mzuri unatangulia. Kushuka, mguu mbaya unatangulia. Mara tano kwa siku wiki ya kwanza, ukiongeza kidogo kila wiki. Mtu mwenye magoti yako anahitaji wiki saba, akiwa mkweli.

Kwenye daftari andika siku mbaya.

Mtaalamu wa Viungo

10 Juni

Kwa Mtaalamu,

Nakuletea daftari lenyewe, kalamu moja. Lina siku mbaya kumi na moja. Tarehe tisa Mei sikufanya chochote kwa uvivu, nimeandika uvivu. Tarehe kumi na tisa maumivu yalifika sita nikaacha. Maumivu ya asubuhi sasa ni tatu, mara nyingine mbili za kweli.

Tarehe ishirini na nane Mei niliinuka. Mke wangu alikuja kwa mazoea na mikono yake miwili mbele, akahesabu moja, akahesabu mbili, nami nikawa nimesimama. Alibaki amenyoosha mikono. Hatukujua tufanye nini, tukaenda kunywa chai.

Nilichokitaka nimekipata, na nilidhani nitafurahi. Lakini tangu asubuhi ile sina kisingizio. Miguu ninayo.

Nitafika kwenu Jumamosi tarehe kumi na nne, saa nne asubuhi. Naomba mtu asishuke kunipokea.

Mwalimu wako wa hesabu

16 Juni

Binti,

Nimefika nyumbani salama.

Nilipojiandaa kuja nilikuwa na hotuba. Nilipofika ngazi ya thelathini nilikuwa nimebaki na nusu yake, na nilipomwona baba yako kwenye kile kiti cha dirishani, mdogo namna ile, nusu hiyo nayo ikapotea. Nikasema tu kwamba nilikuwa nayo kabatini alipokuja, na kwamba nilijua wewe huna kosa. Maneno hayo hayafiki hata dakika moja. Miaka thelathini na moja, na hayafiki dakika.

Alitazama dirishani. Akasema, "Haya." Nikangoja. Hakuongeza. Nikaona nimemaliza kazi niliyoitiwa, na kwamba kuendelea kukaa pale kungekuwa kumwomba anipe kitu.

Kiti chenu ni kifupi na kinazama. Niliinuka mwenyewe mara ya pili. Ya kwanza nilirudi, ukaniona. Hukunipa mkono, na ulifanya vyema, nisingeweza kuupokea.

Kwenye ngazi nilisimama kidogo kila ghorofa, si kwa ajili ya magoti. Nilikuwa nataka kurudi kumwambia kwamba ile aliyoichonga ilikuwa nzuri. Sikurudi. Nimeona haya kumsifia kazi yake mtu niliyemwibia.

Nisamehe kwa kuleta mambo yangu nyumbani kwako, na kwa kumwacha mzee wa watu akitazama dirishani.

Mwalimu wako wa hesabu

21 Juni

Mwalimu,

Ulipopanda nilikuwa nimesimama juu, nikikusikia ukihesabu ngazi kwa pumzi. Ulitumia dakika kumi na saba. Nilitaka kushuka na nilitaka uteseke, yote kwa pamoja, na sikushuka. Ninakwambia kwa sababu nawe uliandika yako.

Sasa nikwambie ambalo hukuliona, kwa kuwa ulikuwa umeshafunga mlango.

Baba aliendelea kutazama dirishani mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini sanduku lake la vifaa lina kufuli.

Nilijua. Alilitia kufuli wiki ile ile aliyotoka shuleni kwako. Kabla ya hapo lilikuwa halifungwi, nilikuwa nacheza na randa na misumeno nikiwa mtoto wa miaka minne. Baada ya hapo tumehama nyumba tatu na kufuli limehama nasi. Nimesoma, nimeajiriwa, nimemleta akae kwangu. Namnyoosha mgongo kila asubuhi, namvalisha soksi, na ufunguo uko shingoni mwake kwenye uzi. Nikipita karibu na sanduku, mkono wake unapanda kifuani kuupapasa. Hajui kama anafanya hivyo. Tangu darasa la sita sijawahi kumuuliza, maana ningemuuliza angelazimika kunijibu.

Akasema, "Nilimwamini mwalimu. Wewe uliniapia ukilia, nami nikamwamini mwalimu." Halafu akanishika mikono, akaniomba radhi. Baba yangu, Mwalimu, kwa mtoto wake. Sikujua pa kutazama. Alikuwa hawezi kuinuka kuondoka, kwa hiyo niliinuka mimi, nikaenda jikoni nikafungua bomba ili asinisikie.

Hili kwenye barua yako halimo, na usingeweza kuliandika kwa sababu hukulijua. Nilitaka ulijue. Umri wote huu nimeishi na mtu anayenipenda na ananichunga nisimwibie.

Bado sijakusamehe. Sisemi sitaweza, nasema bado. Magoti yako yaje kliniki Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao kama yalivyopangiwa, na mama aje na kifundo chake. Tutaendelea na ngazi.

Leo asubuhi, nikiwa natafuta viatu vya kwendea kazini, baba aliniita nimtolee randa sandukuni. Nikaenda nikasimama mbele yake, nikangoja ufunguo. Akaniangalia.

"Unangoja nini?" akasema. "Liko wazi."

Binti wa Seremala